Buu Nililolifuga Mkononi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, doti mbili za kanga na kipaza sauti. Saa na kanga nilizipokea. Kipaza sauti nilikirudisha baada ya kusema "Asanteni sana, Mungu awabariki," nikaona baadhi yenu mnatazamana: miaka yote hiyo ya kazi, ndiyo hayo tu? Ndiyo hayo tu. Sijawahi kuwa msemaji. Tangu nikiwa msichana, ninachoweza kukisema nakisema kwa ufupi, na nisichoweza nakiandika. Kwa hiyo hotuba yenu ni hii. Mtaisoma zamu ikitulia.

Humu hamna habari ya vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya kovu.

Mmeniuliza mara nyingi, hasa wanafunzi wa mazoezi, kuhusu kovu la mviringo, kubwa kama punje ya hindi, lililo juu ya kiwiko changu cha kushoto. Nimewajibu wote kwamba ni jipu la utotoni. Nilidanganya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kile kilichoingia hapo nilikiingiza mwenyewe kwa makusudi. Nisingefanya hivyo, kuna bibi mmoja angefukuzwa nyumbani kwake kwa jina la uchawi. Na miaka ile, bibi mwenye macho mekundu akishafukuzwa kwa jina hilo, hakuwa anafika mbali. Kila mtu alijua hivyo, na waliokuwa wanamfukuza walijua zaidi.

Mbele yangu nina madaftari manne ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndiyo shajara yangu ya miaka ya kwanza kazini. Mwandiko ni wa msichana aliyetoka kidato cha nne na mwaka mmoja wa uuguzi msaidizi, mwoga wa kila kitu, anayekandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Nitamnukuu panapohitajika. Alikuwa na aibu, lakini hakuwa mwongo kama mimi wa kovu.

Zahanati yenyewe sitaitaja. Ilikuwa njia ya kwenda Shinyanga, ng'ambo ya Buhongwa, wakati huo Buhongwa ikiwa bado mashamba ya mihogo na nyumba za kuhesabika. Tulikuwa na vyumba vinne, tangi la maji ya mvua na jiko moja la mafuta ya taa la kuchemshia vifaa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Maduka ya dawa yalichipuka kila kona, mitumba ilijaa, viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa ufukweni, na sisi tulianza kuwaambia wagonjwa waje na glavu zao. Huria ilifika kwetu kwa namna hiyo.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mama Zuhura, mkuu wa wauguzi. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa mjini Mwanza, binti wa fundi cherehani, na ushungi wake mweupe haukuwa na kunyanzi hata saa kumi jioni. Nikamwambia shikamoo. Sauti haikutoka.

"Marahaba kwa midomo niliyoiona," akasema. "Jina?"

"Leokadia."

"Unaogopa damu?"

"Hapana."

"Usaha?"

"Hapana."

"Unaogopa nini sasa?"

Jibu la kweli lilikuwa watu. Akanipa pasi ya mkaa, nzito, yenye jogoo wa shaba juu ya kifuniko chake. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Akaniambia nipige pasi shuka zote, vitambaa vyote, pande zote mbili, mishono kwanza. Shajara yangu inasema: "Nimesoma kemia na baiolojia ili niwe dobi." Niliandika kwa hasira. Ningefundishwa haraka kuliko hivyo kama ningeuliza kwa nini, lakini kuuliza kulihitaji mdomo.

Kwa nini, nilielewa baadaye; wiki ya tatu nilijifunza jambo jingine kwanza. Mama Zuhura aliletewa mwanamume mmoja kwa toroli. Alikuwa mbeba mapanki, yale mabaki ya sangara yanayobaki kiwandani minofu ikishakatwa. Mfupa wa samaki ulimchoma juu ya kisigino, akaendelea kubeba mapanki wiki nzima huku nzi wakiufuata mzigo na mguu. Kidonda kilipoanza kunuka, ndugu zake wakamfungia chumbani wasionekane na majirani. Kilipoanza kutembea, wakamwaga mafuta ya taa, kisha dawa ya kuoshea ng'ombe kupe, wameinunua dukani bila kuulizwa ya nini.

Mama Zuhura alipofungua kile kitambaa, niliona nyama ikichemka bila moto. Nikatoka nje. Shajara: "Leo nimeona mtu analiwa akiwa hai. Nimetapika mara mbili. Mama Z. anasema kesho nitatapika mara moja. Sitaki kesho."

Kesho yake nilitapika mara moja. Yule mama alikuwa anajua kazi yake.

Sasa wadogo zangu, hili ni la kazi, lisomeni vizuri. Watu huita funza vitu viwili. Kuna funza wa kwenye vidole vya miguu, huyo ni ndugu wa kiroboto, simzungumzii. Ninayemzungumzia ni mtoto wa nzi, buu, anayekula nyama. Huyu wa kidondani huletwa na nzi anayetaga penye harufu. Usimwage mafuta ya taa, usimwage dawa ya ng'ombe. Wakifia ndani, wanaozea ndani, na sumu inabaki kwa mgonjwa. Osha kwa maji ya chumvi mengi, toa mmoja mmoja kwa kibano, anza pembeni, ingia mifukoni ambako wanakimbilia mwanga ukiwakuta. Kata kilichokufa. Toa sindano ya pepopunda. Funga. Kesho fungua tena, kwa kuwa umeacha wengine hata kama unaapa hukuacha. Yule bwana tulimfungua siku kumi na moja. Alitoka na mguu wake, akichechemea.

Jambo lililonikaa zaidi ni alilosema Mama Zuhura siku ya pili, yule bwana alipojifunika uso kwa mkono. Aliutoa ule mkono akamwambia, "Baba, tazama hapa. Nzi haji kwa mwenye dhambi, anakuja kwa mwenye kidonda. Waliokufungia ndio wafunike uso." Kisha akanigeukia: "Na wewe acha kukunja pua. Mgonjwa anasoma pua yako kabla ya kusoma cheti."

Tangu hapo sijakunja pua. Harufu zilibaki zilezile, mimi nilijifunza kupumulia mdomo huku nikitabasamu, jambo ambalo ukilifanya vibaya unafanana na kambare.

Mwezi wangu wa nne kazini alikuja Minza, msichana wa rika langu, amembeba mwanawe wa kwanza, wa kike, Kabula, mwenye wiki tisa. Nyuma yake alitembea mama mkwe wake, Bibi Ngolo, amenyooka kama mchi, macho mekundu kwa moshi wa jiko la kinyesi cha ng'ombe. Mtoto alikuwa na majipu mgongoni na kwenye makalio, saba. Kila jipu lilikuwa na kitundu katikati, na ndani ya kitundu kidoa cheusi kikipanda na kushuka, kinapumua.

"Mara ya pili hii," Minza alisema kwa sauti ndogo. "Wiki ile yalikuwa manne, baba yake akayakamua. Wakatoka wadudu, dada. Hai."

Huyu ni mwingine, si yule wa kidondani. Huyu nzi wake hutaga kwenye mchanga au kwenye nguo yenye unyevu iliyo kivulini, hasa ikiwa na harufu ya mkojo. Vijibuu vidogo, hata huvioni, vinasubiri; pasi ya moto huviua. Nguo ikivaliwa, vinaingia kwenye ngozi nzima isiyo na mkwaruzo, bila maumivu. Usikamue kwa nguvu, atapasuka ndani. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya kitundu, ziba kabisa, subiri. Akikosa hewa anapanda mwenyewe. Sukuma ngozi pande mbili kwa vidole gumba, polepole, mshike kwa kibano, mtoe mzima.

Tukatoa wote saba. Mama Zuhura akauliza nepi zinafuliwa na nani.

"Mimi," Bibi Ngolo akasema. "Kwani?"

"Unazianika wapi?"

"Panapofaa."

"Panapofaa ndiyo wapi, mama?"

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Nyuma ya jiko, kwenye ua wa minyaa. Kwani wewe kwenu nepi za kichanga mnazitandaza barabarani kila mwenye jicho lake azihesabu?"

Kila mtu wa kwetu ataelewa. Nguo za kichanga hazianikwi hadharani, kuna jicho. Bibi Ngolo alikuwa anazificha pale jua lisipofika wala macho yasipofika, na jioni alizianua zikiwa bado zina ubichi. Alikuwa anamlinda mjukuu wake kwa akili yake yote na mikono yake miwili, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inamvalisha mabuu.

"Nimelea watoto watano kwa kuficha," akasema baada ya kuelezwa. "Nzi wa wakati ule walikuwa likizo?"

"Watoto wako walivaa nepi?"

"Nepi za wapi! Walilala kwenye ngozi ya ng'ombe, matako wazi."

"Basi," Mama Zuhura akasema. "Hizi za taulo zimeletwa na nani?"

Zililetwa na Masanja, baba wa mtoto, aliyekuwa akiuza mitumba kwenye njia panda ya Usagara. Kutoka kwenye kila belo aliwachambulia wa nyumbani kwake nepi nzito za kizungu zisizokauka upesi. Ndiyo kusema baba alileta nepi, bibi akaleta kivuli, nzi akakubali mwaliko.

Lakini nyumbani kwao hesabu ilishapigwa kwa namna nyingine. Minza alinisimulia nikiwa nafunga dawa, bibi akiwa ametoka nje. Baba mkubwa wa Masanja, Mzee Shija, ndiye aliyeshika nafasi ya marehemu baba yake Masanja. Alikwenda kwa mtazamiaji, akaambiwa anayemla mtoto yuko ndani ya nyumba, ni mwanamke, na anagusa nguo zake. Nani anagusa nguo? Na macho yake yana rangi gani? Kikao cha ukoo kilipangwa Jumapili ya wiki mbili mbele. Akionekana na hatia, ataondoka siku hiyohiyo na kile alichovaa.

"Ataenda wapi?" nikauliza.

Minza akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linazama wapi. "Dada, wewe si wa hapa?"

Ni wa ng'ambo, wa Ukerewe, lakini nilielewa. Mama Zuhura aliandika barua kwa Mzee Shija, kwa mwandiko mzuri, akieleza nzi, kivuli na pasi. Jibu lilikuja kwa mdomo wa Masanja: wauguzi watibu ngozi, nyumba ina wenyewe.

Shajara ya siku hiyo ni ukurasa mzima, nachukua mistari michache. "Barua haitoshi. Mtu anayeamini uchawi huwezi kumpa karatasi. Ningekuwa naweza kuongea ningekwenda. Siwezi. Hata darasani nilipojua jibu nilikuwa naliandika pembeni ya daftari halafu namtazama mwenzangu akisifiwa. Nimechoka kuwa na majibu pembeni ya daftari."

Kesho yake Bibi Ngolo alipomleta mtoto kuoshwa vidonda, nilimvuta kando ya tangi la maji. Nikampa foronya yangu, nimeipasua katikati, vipande viwili.

"Bibi, naomba unifulie hivi pamoja na nepi. Uvianike palepale, kamba ileile. Siku tatu. Kisha uniletee."

"Kwenu hakuna sabuni?"

"Ipo."

"Basi unataka nini?"

Nikamwambia ninachotaka. Nilisema nikitazama miguu yangu, ndiyo maana nilimaliza.

Akavigeuza vile vipande mkononi. Halafu akacheka, meno yake manne yote yakaonekana. "Ng'wanone, mwanangu wewe, una kichaa. Na mimi nilidhani wewe ni bubu tu."

"Utavileta?"

"Nitavileta. Lakini ujue kitu kimoja. Hata wakinihukumu siondoki. Nyumba ile nimeibeba udongo kwa kichwa hiki. Waniue nikiwa mlangoni kwangu, si porini kama fisi. Usije ukafikiri unafanya hayo ili kuniokoa na safari. Safari siendi."

Alivileta siku ya nne, amevikunja vizuri. Kipande kimoja nilikipiga pasi ya jogoo pande zote mbili, mpaka kikanukia kuungua. Hicho nikajifunga mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Cha pili sikukigusa na moto. Nikajifunga mkono wa kushoto. Juu nikavaa sweta. Ilikuwa miezi ya joto, na Mama Zuhura aliniuliza kama nina malaria. Nikasema labda. Uongo mwingine.

Nilivivaa siku mbili. Msichana wa shajara aliandika kila kitu, na kwa kweli aliandika vizuri kuliko fomu zetu za siku hizi. "Siku ya 1: hakuna. Siku ya 2: kunawasha kushoto, labda ni mawazo. Siku ya 3: vipele vitatu kushoto, kulia hakuna. Siku ya 5: viwili vimekufa, kimoja kimekua. Nimekisikia. Sijui kuandika jinsi mtu anavyokisikia. Ni kama kuna mtu anasokota kijiti taratibu halafu anapumzika. Siku ya 6: nimelia bafuni. Nina mgeni ndani ya mkono na mwenyeji ni mimi niliyemkaribisha. Siku ya 7: kulia bado kusafi."

Siku ya saba hiyohiyo ndoo ya maji ilinitoka mkononi. Mama Zuhura akaja, akavuta mkono wa sweta bila kuomba ruhusa, akatazama. Nikamweleza yote. Sijawahi kumwona amekosa neno kabla ya hapo wala baada ya hapo.

Lilipokuja, lilikuja na wenzake. "Wewe ni muuguzi au panya wa maabara? Nani alikupa ruhusa ya kutia ugonjwa mwilini mwako? Mkono ukivimba ukaoza nikamwambie nini mama yako, alikuwa anafanya sayansi? Kaa hapo. Lete mafuta. Natoa sasa hivi."

"Hapana," nikasema.

"Umesema?"

"Nimesema hapana, mama. Jumapili. Wamwone akiwa ndani."

Lilikuwa neno la kwanza la kukataa nililowahi kumwambia mtu mzima. Mama Zuhura aliitoa chupa ya mafuta mwenyewe, akaitazama, kisha akairudisha kabatini. "Joto la mwili likipanda hata kidogo, natoa, Jumapili au siyo Jumapili," akasema. "Na nakwenda na wewe. Wewe utasimama pale ufumbue mdomo kama samaki."

Niwaambie wazi: msifanye nilichofanya. Nimewakaripia wanafunzi kwa makosa madogo zaidi. Lakini msinitake nijute.

Jumapili tuliwakuta wamekaa uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka, na Bibi Ngolo peke yake kwenye kizingiti cha nyumba yake, mgongo umeegemea mlango. Mzee Shija alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele.

"Wageni karibuni," alisema. "Ila hili ni jambo la nyumba."

"Ahsante, mzee," Mama Zuhura akajibu, ameshakaa. "Sisi tumekuja kwa jambo la ngozi. Tukimaliza tutawaachia nyumba yenu."

Akanitazama. Wote wakanitazama. Basi sikusema. Nilivua sweta.

Wanawake kwenye mkeka walishika midomo. Nikasogea mpaka mbele ya Mzee Shija, nikamwekea mkono wa kushoto karibu na uso, akaona kidoa kikipanda na kushuka.

"Mimi si wa ukoo huu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Nguo niliyovaa hapa ilifuliwa na Bibi. Ilianikwa pale nyuma ya jiko."

Mzee Shija akaegemea kiti. Akatabasamu kwa huruma. "Mnaona jamani? Mnaona? Hata binti wa watu, amekuja kututibia tu, amemwingia. Pole, mwanangu. Si tumesema?"

Manung'uniko yakapita uani. Masanja akainamisha kichwa. Minza akaanza kulia. Nikaona mkono wangu mwenyewe, uliolisha buu siku tisa, umegeuka shahidi wa upande wa pili. Bibi Ngolo hakusogea pale mlangoni, ila aliniita: "Ng'wanone! Una mikono mingapi?"

Nikakumbuka. Nikaunyanyua wa kulia.

"Na huu, mzee?"

"Huu una nini?"

"Hauna kitu. Lakini nguo yake ilifuliwa na Bibi huyuhuyu. Siku hiyohiyo, maji hayohayo, akaianika kamba ileile kwa mkono uleule. Tofauti ni moja. Hii niliipiga pasi, ile sikuipiga." Hapo nikasikia kitu kinanijia kifuani, sijui kilikuwa wapi miaka yote ile. "Kama ni uchawi, mzee wangu, naomba unieleze. Ni uchawi gani huu unaoogopa pasi?"

Mwanamke mmoja kwenye mkeka, dada wa marehemu baba yake Masanja, akapasuka kwa kicheko. "Jamani! Miaka yote tunahangaika na waganga kumbe tungenunua mkaa!" Wanawake wengine wakafuata. Mzee Shija hakucheka. Sikutegemea acheke.

Mama Zuhura alifungua mkoba, akaniziba kitundu kwa mafuta ya mgando, na watu wakasubiri kama wanasubiri ndizi ziive jikoni. Baadaye akasukuma kwa vidole gumba, akashika kwa kibano, akavuta. Uchungu wake sitausimulia. Akaliweka buu lile kwenye kisahani: jeupe, nene, lina pete za miiba midogo myeusi, linajikunja juani.

Bibi Ngolo akanyanyuka mlangoni kwa mara ya kwanza. Alikuja na kopo la glasi lenye mchanga. "Nipeni," akasema. "Huyu ndiye mchawi mliyekuwa mnamtafuta. Nakaa naye."

Msidhani Mzee Shija alisalimu amri. Alisema jambo linaahirishwa, na kama mtoto atapata tena, hata jipu moja, Bibi ataondoka bila kikao. Masanja ndiye aliyesimama. Alimwendea Mama Zuhura, si baba yake mkubwa, akasema, "Mama, hiyo pasi mnaweza kutuazima?" Mama Zuhura, ambaye hakuwahi kuniazima hata kalamu, akamwachia pasi ya baba yake. Ilirudi baada ya miezi miwili, Masanja alipopata yake.

Kabula hakupata tena, hata moja. Lakini kilichofunga jambo ni lile kopo. Bibi alilifunika kwa kitambaa, akaliweka juu ya kabati la vyombo, kila anayeingia analiona. Wiki mbili na ushei baadaye, mchanga ulifunguka akatoka nzi wa rangi ya kahawia, mnene, ameshangaa. Minza alituambia bibi alilibeba kopo lile mchana kweupe, akapita nalo katikati ya kijiji, salamu kwa kila mtu, mpaka kwa Mzee Shija aliyekuwa anakula. Akaliweka kando ya ugali.

"Shemeji," akasema, "mchawi wako huyu hapa, ameota mabawa. Mfukuze."

Kikao cha pili hakikuitishwa.

Bibi Ngolo aliishi mpaka akamwona Kabula anavaa sare ya sekondari. Alikufa kwa uzee, ndani ya nyumba aliyoibebea udongo. Mama Zuhura alistaafu kabla yangu, akanirithisha pasi ya jogoo, na hiyo ndiyo mnayoiona kwenye chumba cha vidonda, mmeigeuza ya kuzuia mlango. Naomba muitoe hapo.

Nilikwenda kumtembelea Bibi mwaka uliofuata, Minza alipojifungua wa pili. Nikazunguka nyuma ya jiko. Nepi zilikuwa palepale, kwenye minyaa, kivulini.

"Bibi!" nikasema. "Baada ya yote?"

Alikuwa amekaa na pasi, anapuliza mkaa, macho mekundu kuliko kawaida. "Nzi yupo, mmenionyesha, nimekubali," akasema. "Jicho nalo lipo, hamjanionyesha kwamba halipo. Hizi nazificha na nazipiga pasi. Wote wawili wakose."

Shajara yangu ya siku hiyo inasema nilikasirika. Lakini miaka minne baadaye nilijifungua mwanangu wa kwanza, mjini Mwanza, nikiwa muuguzi kamili nisiyeamini mambo hayo. Wiki ya kwanza nilianika nepi zake nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na tangi, mahali jua halifiki na jirani haoni. Kisha nikawasha mkaa, nikapiga pasi zote, pande mbili, mishono kwanza.